Je, Hofu ya Mgonjwa wa Dawa za Kulevya Ni Ukosefu wa Imani?



Swali tunalolileta mbele yenu mwezi huu si la kupendeza, wala hatulileti kwa kutaka mabishano. Twalileta kwa sababu lilitujia mlangoni petu, nasi tukalijibu vibaya, na mtu akafa. Swali lenyewe ni hili. Mtu aliyefungwa na dawa za kulevya, akiisha kuazimia kuziacha, akashikwa na hofu kuu mchana na usiku, je, hofu ile ni ukosefu wa imani, nasi yatupasa kuikemea? Au ni ugonjwa, nasi yatupasa kuutibu? Na kama ni ugonjwa, je, Mkristo aweza kuupokea utulivu utokao katika dawa, akaushukuru kuwa ni kipawa cha Mungu?

Huenda msomaji wa Tarime au wa Serengeti atasema, "Jambo hili ni la watu wa pwani. Kwetu kuna bhangi, kuna gongo, kuna mirungi ivukayo mpaka pale Sirari. Lakini heroini ni ya Dar es Salaam." Neno hili lina nusu ya kweli. Ni kweli kwamba bhangi ndiyo iliyolitia aibu jina la wilaya yetu, na kila mtu ajua habari za mashamba ya bonde la Mto Mara, na jinsi Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ijavyo kuyafyeka. Lakini watoto wetu hawakai wote chini ya mapaa yetu. Huenda Mwanza, huenda Nairobi, huenda Dar es Salaam, nao warudipo hurudi na yote yaliyowapata huko. Tena ziko dawa za maumivu za ukoo ule ule wa heroini, kama mofini, pethidini na tramadoli, ambazo mtu aweza kuzianza kwa halali kitandani pa hospitali, kisha akashindwa kuziacha. Dawa hizi twaweza kuziita ukoo wa kasumba, maana zote hufanya kazi moja mwilini. Bhangi si ya ukoo huo, wala dawa ya methadoni tutakayoitaja haimfai mvutaji wa bhangi. Twaomba msomaji alishike jambo hili tangu mwanzo, asije akachanganya mambo mawili.

Basi, sikilizeni habari yenyewe. Palikuwa na kijana mmoja wa sharika zetu; jina lake na kijiji chake twavificha kwa heshima ya mama yake. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akakaa huko miaka mingi, akanaswa na heroini, ambayo watu wa mjini huiita unga. Baadaye aliandikishwa katika kituo cha matibabu, akawa akinywa methadoni kila asubuhi. Muda wa mwaka na zaidi hakuugusa unga. Alipata kazi ya kuosha magari, akapanga chumba, akawa akimtumia mama yake fedha za mbegu na mbolea. Kisha baba yake akafariki, naye akaja nyumbani kwa mazishi, amepewa dozi za siku chache za kutumia njiani na msibani.

Usiku wa tatu wa matanga alikuja mahali tulipoketi, akasema, "Wazee wangu, mchana naweza kujizuia. Usiku moyo hunipiga kama wa mtu anayefukuzwa, wala simwoni anifukuzaye. Naogopa kulala, naogopa kuamka. Niombeeni." Mzee mmoja akamwuliza habari ya chupa aliyokuwa nayo, naye akaeleza bila kuficha neno. Mzee akamjibu, "Mura, chupa hiyo ndiyo hofu yako. Mtu wa Kristo hanywi kitu ili asiogope." Sisi wengine tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa kukubali. Kijana akatoka, akaimwaga dawa nyuma ya nyumba, nasi tukaimba. Siku aliyoagizwa kurudi kituoni ikapita, naye hakurudi.

Majuma kadhaa yaliyofuata aliteseka sana. Alitoka jasho, alipiga miayo, mifupa ilimwuma, tumbo lilimchafuka, usingizi ukamkimbia. Tulikesha naye kwa maombi, na katika hilo hatukukosa. Mwili ulipotulia tulimsimamisha mbele ya usharika ili ashuhudie kwamba amekuwa huru. Lakini hofu haikuondoka. Sasa alikuwa na hofu mbili: ile ya usiku, na hofu ya kutuambia kwamba bado anaogopa, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kumshangilia. Mwezi wa pili aliondoka bila kuaga. Haukupita muda mrefu ikaja simu kwamba amekutwa amekufa katika chumba cha rafiki yake. Aliutumia unga kwa kipimo chake cha zamani, na mwili wake ulikuwa umekwisha kukisahau kipimo kile.

Daktari tuliyemwendea baadaye hakutulaumu. Alitueleza tu jambo lijulikanalo na wote wanaofanya kazi hiyo: mtu aachapo methadoni ghafula, majuma yanayofuata huwa ya hatari kubwa kuliko mengine, kwa sababu nguvu ya mwili ya kuvumilia dawa hupungua, bali tamaa na hofu hubaki. Hatukuyajua hayo. Lakini je, kutojua kwatutosha kuwa udhuru? Mtu apewaye mgonjwa mikononi mwake, naye hana maarifa, afadhali aulize kwanza kabla ya kutoa amri. Sisi tulitoa amri kabla ya kuuliza.

Sasa na tulitazame swali lenyewe kwa utaratibu. Kwanza, hofu hii ni nini?

Twajifunza kwa wenye maarifa kwamba ina mizizi zaidi ya mmoja. Mzizi wa kwanza ni wa mwili. Mwili uliozoea dawa za ukoo wa kasumba, ukinyimwa, hupiga kelele: moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mtu huona kana kwamba msiba umo njiani. Hali hiyo mjini huitwa arosto, na aliyeionja mara moja huiogopa hata siku isipokuwapo. Mzizi wa pili ulikuwapo kabla ya dawa. Wako wengi walioanza kutumia unga kwa sababu walikuwa tayari na hofu au huzuni isiyosemeka: aliyepigwa utotoni, aliyeona ndugu zake wakiuawa, aliyelala njaa mitaani. Unga uliwanyamazishia hofu kwa saa chache, kisha ukairudisha imeongezeka. Mzizi wa tatu ni wa watu: aibu, kukosa kazi, kuogopa polisi, kuitwa teja hata na watoto wadogo. Mizizi hii mitatu hufungamana katika mtu mmoja, wala si rahisi kuitenga kwa kumtazama usoni.

Watu wa Tarime na Serengeti hawana haja ya kufundishwa kwamba hofu yaweza kuwa na sababu ya kweli. Twakumbuka mapigano ya koo na koo, mishale, na ng'ombe walioswagwa usiku. Twajua pia kwamba kila mwaka, ikaribiapo miezi ya Novemba na Desemba, wako wasichana wanaotoroka makwao gizani ili wasikeketwe, nao hupokewa katika nyumba za hifadhi, kama zile za Mugumu na Masanga. Msichana wa namna hiyo akifika alfajiri, miguu imechubuka, naye ashtuka kila mlango ugongwapo, je, yuko mchungaji atakayemwambia, "Binti, unatetemeka kwa sababu huna imani"? Hayuko. Tutamfunika blanketi, tutampa uji, tutafunga mlango, na tutamwacha alale. Hata miezi ikipita naye bado anashtuka, tutasema, "Aliyoyaona si madogo." Basi, kwa nini kijana yule atetemekaye kwa arosto, au kwa mambo aliyoyaona mitaani, tumhukumu kwa kipimo kingine?

Mtu atajibu, "Kwa sababu msichana hakukosa, bali kijana aliyataka mwenyewe." Jawabu hili lina nguvu, nasi hatulidharau. Dhambi ni dhambi, na kijana yule mwenyewe alikuwa wa kwanza kuikiri. Lakini tuangalie tunalolisema. Mlevi akianguka kwenye mtaro akavunjika mguu, daktari wa hospitali ya wilaya hamwulizi kwanza habari ya pombe ndipo aamue kama ataufunga mfupa. Naye Msamaria katika mfano wa Bwana wetu hakuuliza kwa nini mtu yule alipita peke yake katika njia ijulikanayo kuwa ya wanyang'anyi. Alimwaga mafuta na divai, akafunga jeraha. Toba ina mahali pake, na uponyaji una mahali pake. Anayeufanya uponyaji kuwa malipo ya toba iliyokamilika amewafungia mlango wagonjwa wote, na yeye mwenyewe pamoja nao.

Pili, Maandiko yasemaje juu ya hofu? Twajua kwamba Bwana katika hotuba yake mlimani awakataza wanafunzi kujisumbua, na kwamba Paulo awaandikia Wafilipi hivyo hivyo. Maneno haya twayapokea kwa moyo wote. Lakini tuwaangalie walioambiwa na namna walivyoambiwa. Bwana aliyasema kwa kuwaonyesha ndege na maua, akiwafariji maskini waliohangaika kwa chakula na mavazi. Hakuyasema kama hakimu asomaye shtaka. Ahadi tukiigeuza kuwa fimbo, kosa ni la mkono wetu.

Tena tumtazame nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Hofu ilimpata baada ya ushindi wa Karmeli, wakati ambapo sisi tungemsimamisha atoe ushuhuda. Alikimbia, akafika jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Mungu alimfanyia nini? Hakumtumia nabii mwingine wa kumkemea. Alimpa usingizi. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena; akaguswa tena; akala tena. Ndipo alipokwenda hata Horebu, na huko, baada ya siku nyingi, akaisikia sauti na kuulizwa afanyaje hapo. Swali la moyo lilikuja mwisho. Usingizi, chakula, na mkono wa mtu wa kumgusa vilitangulia. Sisi kwa kijana wetu tulianza na swali, na usingizi wake tukaumwaga nyuma ya nyumba.

Naye Martin Luther, ambaye jina lake twalibeba, hakuwa mgeni wa hofu. Alishikwa mara nyingi na majaribu ya moyo yaliyomtia jasho na kumnyima usingizi. Mwaka wa 1530 alimwandikia Hieronymus Weller, mwalimu wa watoto wake, aliyekuwa katika huzuni kubwa, akamshauri asikae peke yake, bali atafute wenzake, aongee nao, hata afanye mzaha nao. Na mwaka wa 1527, tauni ilipowajia watu, aliandika waraka akifundisha kwamba Mungu ndiye aliyeumba dawa na kutupa akili za kuutunza mwili, na kwamba anayezikataa dawa kwa kisingizio cha imani amjaribu Mungu. Tungalimsoma mwalimu wetu kwa bidii kama tunavyolitaja jina lake, huenda kijana yule angalikuwa hai.

Tatu, je, anayekunywa methadoni si mtumwa bado, aliyebadilishiwa bwana tu? Hili ndilo swali lililomsumbua yule mzee, naye hakuliuliza kwa ubaya. Tujibu kwa kueleza kwanza dawa yenyewe. Methadoni pia ni ya ukoo wa kasumba. Mwaka wa 1965 Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walitangaza matokeo ya kuwatibu kwa dawa hiyo watu waliofungwa na heroini. Mwaka wa 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa za lazima. Kwetu Tanzania ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi wa Februari mwaka wa 2011, kisha vituo vikafunguliwa mahali pengine, Mwanza na Dodoma vikiwamo. Kwa kawaida mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mwuguzi; waliothibitika kuwa waaminifu waweza kupewa ya kwenda nayo.

Tofauti yake na heroini ni hii. Nguvu ya heroini hupanda upesi na kushuka upesi, hata mtu hupimiwa siku yake kwa kete: apate, ashuke, aibe, atafute tena. Methadoni hupanda polepole na kukaa mchana kutwa na usiku kucha, na ikiwa kipimo ni sawa, hailevyi, bali humfanya mtu awe kama wengine. Sasa mtumwa ni nani? Mtumwa ni yule asiyeweza kufanya apendalo kwa sababu bwana wake amwita. Kijana yule, alipokuwa katika unga, hakuweza hata kumpigia mama yake simu. Alipokuwa katika methadoni aliweza kufanya kazi, kulipa kodi ya chumba, na kumtumia mama mbolea. Alihitaji dawa kila asubuhi, ndiyo. Lakini mwenye ugonjwa wa sukari ahitaji sindano yake, na mwenye kifafa ahitaji vidonge vyake, wala hatuwaiti watumwa. Kuhitaji si utumwa. Kama kuhitaji kungekuwa utumwa, sisi sote tuombao mkate wa kila siku tungekuwa watumwa wa mkate.

Hapo twaona kosa letu lilipokuwa. Tuliona kwamba uhuru ni kutokuhitaji kitu. Lakini mtu asiyehitaji kitu hajaumbwa. Uhuru wa Mkristo ni kuweza kumpenda jirani yake, na kijana yule alikuwa ameanza kuuweza.

Nne, hata hivyo tusidhani kwamba kila kitulizacho ni dawa. Hapa twaomba walimu na wainjilisti wasome kwa makini, maana maarifa madogo huua kama kutojua. Mtu akiwa na hofu, jambo la haraka ni kumnunulia vidonge vya usingizi dukani, kama diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la valiamu. Vidonge hivyo hutuliza kweli. Lakini heroini na methadoni hupunguza nguvu ya kupumua, na valiamu nayo hupunguza, na gongo nayo hupunguza. Kila kimoja peke yake huenda mwili ukakivumilia. Vikikutana usiku, pumzi yaweza kukoma mtu akiwa usingizini. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2016, wenye mamlaka ya dawa wa Marekani waliamuru onyo kali liandikwe juu ya kuchanganya dawa hizo. Mwaka uliofuata, wa 2017, waliongeza neno la pili: kwamba mgonjwa asinyimwe methadoni kwa sababu tu anatumia vidonge vya kutuliza, kwa kuwa madhara ya kumwacha bila matibabu huweza kuwa makubwa zaidi, bali aangaliwe kwa uangalifu mkubwa. Tena aliyezoea valiamu siku nyingi asinyang'anywe ghafula, maana aweza kushikwa na degedege. Mambo haya ni ya daktari.

Basi, hofu hutibiwaje? Kwanza kwa kuhakikisha kwamba kipimo cha methadoni chatosha, kwa maana hofu nyingine ni arosto iliyojificha, nayo hutulia kipimo kikisahihishwa. Kisha kwa kungoja na kuangalia, kwa kuwa hofu nyingine huisha yenyewe majuma ya kwanza yakipita. Ikibaki, yako mazungumzo ya ushauri, ambamo mtu hufundishwa kuyatambua mawazo yamtishayo, kuyajaribu kama ni ya kweli, na kuyakaribia kidogo kidogo yale aliyokuwa akiyakimbia. Ziko pia dawa za hofu na huzuni zisizomfunga mtu kama valiamu. Hizi hazifanyi kazi kwa siku moja. Huchukua majuma kadhaa, na anayezitoa lazima ajue kwamba mgonjwa yumo katika methadoni, kwa sababu dawa nyingine hazipatani nayo. Mgonjwa asiyeambiwa habari ya kungoja huzitupa siku ya tano, akisema hazifai.

Mwaona, wapendwa, kwamba katika matibabu hayo liko jambo kubwa ambalo hospitali haiwezi kulifanya peke yake, yaani kungoja pamoja na mtu. Nasi wa huku twalijua jambo hilo. Kutoka Tarime hata Mwanza ni safari ya saa nyingi kwa basi, kulivuka daraja la Kirumi na kuipita Bunda. Wa Mugumu naye ana safari yake. Mgonjwa hawezi kuiendea dawa ya kila siku kwa safari kama hiyo. Usharika waweza kumsaidiaje?

Waweza kumwuliza kabla hajaja nyumbani kama amepatana na kituo chake juu ya dozi, na siku ya kurudi ikifika, kumpa nauli na mtu wa kumsindikiza hata stendi. Waweza kumtafutia jamaa au Mkristo wa Mwanza wa kumpokea, akitaka kuhamia kituo cha karibu. Waweza kumpa mtu mmoja wa kuketi naye usiku, kwa kuwa hofu hupenda upweke. Waweza kumpa kazi ya mikono. Usimsimamishe kutoa ushuhuda upesi, wala usimfungie mlango akianguka. Naye mtu ye yote akutwaye amelala haamki, anakoroma kwa sauti ya kugugumia, pumzi zake ni chache na midomo imegeuka rangi, asiachwe "apumzike." Alazwe ubavu, asiachwe peke yake, akimbizwe hospitali, na daktari aambiwe kweli yote juu ya alichotumia, maana iko dawa iitwayo naloksoni iwezayo kuirudisha pumzi ikitolewa mapema. Aibu yetu isimwue mtu mara ya pili.

Kanisa letu lina mfano wake wa zamani. Katika milima ya Usambara pako mahali paitwapo Lutindi. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari walipajenga pawe makao ya watoto waliokombolewa katika utumwa. Baada ya miaka, watoto wale walipokuwa wamepungua, nyumba ile haikufungwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 walipokewa humo wagonjwa wa akili, ambao wengine walikuwa wakifungwa kamba na kufichwa na jamaa zao, na hata leo ni hospitali ya wagonjwa hao. Waliokuwapo wakati ule walitambua kwamba iko minyororo isiyo ya chuma, na kwamba nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watumwa yawafaa hao pia.

Sasa twarudi kwa swali letu. Je, hofu ya mgonjwa huyu ni ukosefu wa imani? Twajibu: huenda kukawa na ukosefu wa imani ndani yake, kama ulivyo ndani yetu sote, lakini hatuwezi kuupima kwa kuhesabu mapigo ya moyo wake. Mtu aweza kumtumaini Mungu huku mikono yake ikitetemeka. Na mwingine aweza kulala usingizi mzito bila kumjua Mungu hata kidogo. Kijana yule alikuja kwetu usiku, akatuambia kweli yote, akaomba tumwombee. Hiyo ndiyo imani tuliyoiona kwa macho yetu, nasi hatukuitambua, kwa sababu ilikuja ikitetemeka.

Mama yake bado yuko. Jumapili moja, ibada ilipokwisha, alitushika mkono akasema, "Mlimpenda mwanangu, najua. Lakini mwingine akija, mwulizeni kwanza daktari." Hakusema zaidi. Neno hilo twaliweka mbele ya sharika zote za Tarime na Serengeti, tukiwaomba ninyi mlio walimu mlisome katika vikao vya wazee. Yumkini mwingine yuko njiani sasa, ndani ya basi, ana chupa mfukoni na hofu moyoni, naye hajui atakutana na nani mlangoni.

Bwana atupe sisi tutakaomfungulia upendo wenye maarifa, na yeye ampe usingizi.